Paa la bati linavyotatiza picha za setilaiti Eastlands

MAFURIKO yaliyoikumba Nairobi kati ya Machi na Mei 2024 yalizua swali zito katika mitaa ya Eastlands: ni nani anayeamua nyumba ipi imesimama njiani mwa maji? Baada ya mito kuvunja kingo, serikali iliamuru waliojenga kandokando yake wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru.

Tangu Kenya irushe setilaiti yake ya Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023, wengi wametumaini kuwa picha za angani zitamaliza mizozo ya aina hii. Hata hivyo, picha hizo zina utata wake, nao huanzia paani.

Kila kitu huakisi mwanga kwa namna yake, kutegemea jua liko pembe gani na mtazamaji yuko upande upi. Vigae vya Buruburu huutawanya mwanga pande nyingi, hivyo sura yake haibadiliki sana. Bati jipya la Mukuru, kwa upande wake, hutenda kama kioo. Setilaiti ikipita pale mwale unaporudishwa, hunasa mmeremeto mkali unaoweza kufunika hata paa la jirani. Ikipita upande mwingine, bati lilo hilo huonekana limefifia. Kompyuta inayolinganisha picha hizo mbili yaweza kudhani kuna nyumba mpya, ilhali kilichobadilika ni pembe tu.

Wakati wa masika mawingu huziba kamera, na wataalamu hutegemea rada kama ile ya setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambayo hutazama ardhi kiubavu. Maji yaliyotulia uwanjani huyarusha mawimbi ya rada mbali, yakaonekana meusi pichani. Lakini katikati ya majumba, mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta, kisha yakarudi kwa nguvu. Kichochoro kilichofurika chaweza kung'aa kama kilicho kikavu, na waathiriwa wakakosekana kwenye ramani ya misaada.

Dawa ipo. Picha zinazolinganishwa zapaswa kupigwa kutoka pembe moja na msimu mmoja, au zirekebishwe kwa hesabu. Kisha maafisa washuke mitaani wathibitishe kwa macho. Na kabla ya tingatinga kuwasha injini, mkazi aonyeshwe picha inayomshtaki, tarehe yake na pembe iliyopigiwa. Bila hayo, huenda familia ikapoteza makao kwa sababu ya mng'ao wa bati.