Kiingereza pekee hakimvushi mtu mpaka

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa wanafunzi wetu, nasi walimu tumeipalilia: kwamba anayekimudu Kiingereza barabara hatatatizika mbele ya dirisha la afisa wa uhamiaji ng'ambo. Naipinga imani hii, wala sijapata mfano bora wa kuipingia kuliko ule wa Mkanada anayetaka kuwa Mmarekani.

Tumchukue mwalimu aliyezaliwa Windsor, jimbo la Ontario. Mji huo unatazamana na Detroit, na kinachoitenganisha miji hiyo ni mto tu. Daraja la kuiunganisha lilifunguliwa mwaka 1929 na njia ya chini ya mto ikafuata mwaka 1930. Kiingereza ndicho lugha yake ya kwanza. Kwa kawaida hahitaji viza ili kuizuru Marekani. Zamani hata hati haikuwa lazima: hadi mwisho wa Januari 2008, mtu aliweza kuvuka kwa barabara kwa kutamka tu uraia wake, mradi afisa aridhike. Tangu tarehe 1 Juni 2009, mtu mzima avukaye kwa nchi kavu hutakiwa pasipoti au hati nyingine iliyoidhinishwa. Hati imechukua mahali pa neno la kinywa, nayo hati ina lugha yake.

Iweje basi mtu huyu ajikwae? Si kwa mtihani wa lugha. Mwombaji uraia wa Marekani hutakiwa asome kwa sauti sentensi moja kati ya tatu, na aandike moja kati ya tatu. Mwalimu wetu ataumaliza mtihani huo kabla chai yake haijapoa. Kiingereza kinachomnasa hakimo katika mtihani. Kimo katika fomu.

Tuanze na kazi. Mkataba wa biashara wa NAFTA ulioanza Januari 1994, na ule uliourithi Julai 2020, uliwaruhusu Wakanada wenye taaluma fulani, ualimu wa chuo ukiwamo, kuomba hadhi ya kazi iitwayo TN papo hapo mpakani. Hadhi hiyo hutolewa kwa miaka isiyozidi mitatu, na yaweza kuhuishwa tena na tena. Hata hivyo, sharti lake ni kwamba mwombaji awe na nia ya kukaa kwa muda. Tuseme afisa amemwuliza mwalimu wetu anatarajia kukaa hadi lini, naye kwa uungwana wa mazungumzo akajibu kwamba ameipenda Detroit mno hata hana haja ya kuondoka. Sebuleni jibu hilo ni sifa kwa mwenyeji. Mpakani ni ungamo la nia ya kuhamia, na huenda likamnyima hati aliyoifuata. Maneno ni yale yale. Kilichogeuka ni mahali yaliposemewa na sheria inayoyasikiliza.

Baadaye, akiisha kupata ukaazi wa kudumu na ile kadi ya kijani, atangoja kwa kawaida miaka mitano, au mitatu ikiwa anaishi na mwenzi wa ndoa aliye raia wa Marekani, kabla ya kuomba uraia kwa fomu ya N-400. Fomu hiyo yamtaka aorodheshe safari zote alizofunga nje ya Marekani zilizozidi saa 24. Sheria nayo inamwekea masharti mawili ambayo kwa haraka huonekana kama moja: ukaazi usiokatika, na kuwapo kimwili.

Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza. Sisi hatusemi kwa ovyo kwamba mtu "yuko" na "yupo". Mtu yuko Detroit ikiwa huko ndiko kwake, hata kama sasa hivi amekwenda matembezi. Yupo ikiwa ukibisha hodi utamkuta. Sharti la kwanza lahusu kuwako: safari inayozidi miezi sita huzua shaka ambayo mwombaji lazima aiondoe, na ya mwaka mmoja au zaidi hukata ukaazi. Sharti la pili lahusu kuwapo: katika miaka mitano awe ameikanyaga ardhi ya Marekani kwa angalau miezi 30. Mwalimu anayemwuguza mamake Windsor kwa siku nne kamili za kila juma hajawahi kukaa nje hata mwezi mmoja mfululizo. Walakini, siku zake zikijumlishwa hazitafika miezi 30. Yuko, ila hayupo. Fomu haimwulizi ni kwa nini alikwenda. Yahesabu siku tu.

Mtego wa tatu ni mkali zaidi. Sheria ya mwaka 1993 iliwataka maafisa wa leseni za udereva katika majimbo mengi wawape wateja nafasi ya kujiandikisha kuwa wapigakura. Mkaazi wa kudumu hulipa kodi, huendesha gari, na watoto wake husoma katika shule za umma. Anapoulizwa kama angependa kujiandikisha, ni rahisi adhani kwamba naye ni mwananchi wa pale. Yeye ni mkaazi, si raia. Kadhalika fomu ya I-9, ambayo kila mwajiriwa mpya huijaza, hadi mwaka 2009 iliwaweka katika kisanduku kimoja raia wa Marekani na watu wenye utaifa wa Marekani bila uraia, mathalani wengi waliozaliwa Samoa ya Marekani. Kwa msomaji wa kawaida, neno hilo la utaifa lilisikika kama "mtu wa nchi hii". Wapo wahamiaji waliotia alama pale na kesi zao zikafika mahakamani. Sheria ya mwaka 1996 ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba mgeni anayejidai kuwa raia kwa uongo azuiwe kuingia nchini, na mlango wa kusamehewa kosa hilo ni mwembamba mno. Alama moja ya kalamu yaweza kuyafuta maisha ya miaka ishirini.

Kisha kuna neno "umewahi". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba neno hilo halina mpaka wa wakati. Mwombaji huulizwa kama amewahi kukamatwa au kuzuiliwa, na maelezo ya fomu yanataka aseme hata kama kumbukumbu za kosa zilifutwa. Mkanada aliyetiwa hatiani ujanani, kisha serikali yake ikamsafishia jina, aghalabu huamini kwamba hana doa. Kwa sheria za Kanada ni kweli. Sheria za uhamiaji za Marekani haziutambui msamaha uliotolewa na nchi nyingine. Bangi nayo ilihalalishwa Kanada tarehe 17 Oktoba 2018, ilhali sheria ya taifa ya Marekani imeendelea kuihesabu miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Mkanada akiulizwa juu ya dawa "haramu", ajiulize kwanza: haramu kwa nani? Fomu husema kwa kinywa cha aliyeiandika, na si kwa sikio la anayeisoma.

Nafika sasa kwenye kiapo, ambacho kwa mwanaisimu ndicho kiini cha jambo lote. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo hayaelezi tendo bali yenyewe ndiyo tendo: kuahidi, kuoza, kuapa. Alisisitiza kwamba maneno hayo hufaulu pale tu msemaji anapokuwa na mamlaka na utaratibu ukafuatwa. Jirani hawezi kutamka talaka ya nyumba isiyo yake.

Anayeapishwa kuwa raia wa Marekani hutamka kwamba anakana kabisa utiifu wake kwa mwanamfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni aliyokuwa raia wake. Sharti la kukana hivyo limekuwamo katika sheria za Marekani tangu mwaka 1795, enzi ambayo taifa lile changa liliwahofia wafalme. Mkanada ni miongoni mwa wachache ambao maneno hayo bado yawagusa kwa maana yake halisi, maadamu mkuu wa dola yao ni Mfalme Charles III. Je, akiisha kukana, amepoteza uraia wa Kanada?

La. Tangu tarehe 15 Februari 1977, Mkanada hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine. Akitaka kuuacha, ni lazima aiombe serikali ya Kanada yenyewe na akubaliwe. Kabla ya tarehe hiyo mambo yalikuwa kinyume: aliyeuchukua uraia wa kigeni kwa hiari aliupoteza wa Kanada, na katika hali nyingi watoto wake wadogo waliupoteza pamoja naye. Wengi wa waliopotezwa hivyo walirudishiwa uraia kwa sheria zilizoanza kutumika mwaka 2009 na 2015. Sentensi ilitamkwa ile ile, katika chumba kile kile, kwa lugha ile ile. Mwaka 1976 ilikata kamba; mwaka 1978 haikukata hata uzi.

Wapo watakaosema kwamba anayeapa hivyo na kubaki na pasipoti mbili ni mnafiki. Sikubaliani nao. Serikali ya Marekani yenyewe yajua kwamba uraia wa nchi mbili upo, na haimlazimishi raia wake achague mmoja. Anayeapa anaifungia Marekani ahadi ya utiifu, na ahadi hiyo inamfunga kikweli: akirudi kuishi Windsor ataendelea kutakiwa kuwasilisha hesabu za kodi Marekani, kwa kuwa nchi hiyo huwatoza raia wake popote walipo. Lawama yangu naielekeza kwa sheria inayoendelea kutumia kauli ambayo nguvu zake zimekwisha kuhama, kisha ikamwachia mtu wa kawaida kazi ya kung'amua lipi lina uzito na lipi limebaki gamba.

Na gharama ya kutong'amua humkuta siku ile ile ya furaha. Huirudisha kadi ya kijani, akapewa cheti cha uraia. Ili apate pasipoti ya Marekani hutakiwa aambatanishe cheti chenyewe, si nakala tu. Kwa muda huo wa kungoja, ni Mmarekani asiye na hati ya kusafiria ya Kimarekani, naye sheria yamtaka raia aingie na kutoka kwa pasipoti ya nchi hiyo au hati nyingine iliyokubaliwa. Pasipoti yake ya Kanada itamfikisha kwa mamake mgonjwa ng'ambo ya mto. Utata uko katika kurudi. Aliyeisoma mapema lugha ya karatasi hizi hupanga safari zake kabla ya kuapa.

Ikiwa Mkanada aliyenyonya Kiingereza tangu utotoni hujikwaa hivi, sembuse kijana wetu kutoka Bungoma au Kwale anayekwenda kusoma huko? Mkenya mtu mzima aliyeapa kiapo hicho hicho cha Marekani kabla ya tarehe 27 Agosti 2010 aliupoteza uraia wake wa Kenya. Anayeapa leo, kama ni raia wa kuzaliwa, haupotezi, kwa mujibu wa kifungu cha 16 cha Katiba. Na waliokuwa wameupoteza wanaruhusiwa kuomba warudishiwe. Hata hivyo, sheria yetu ya uraia ya mwaka 2011 yamtaka mwenye uraia wa nchi mbili aitangazie serikali katika muda wa miezi mitatu. Ni wanafunzi wangapi tuliowapa sifa za "A" katika lugha wanaolijua hilo?

Nitaambiwa kwamba hiyo ni kazi ya mawakili. Wakili ana faida yake, na mwenye kumpata na amtafute. Lakini wakili hasimami nawe kwenye dirisha la leseni, wala si yeye anayeulizwa mpakani hukusudia nini. Saini ni yako, na fomu yakuonya kwamba unaitia chini ya adhabu ya kusema uongo.

Sisi walimu tuna mahali pa kuanzia. Tunafunza insha za uamilifu: barua rasmi, kumbukumbu, tawasifu. Tunafunza sajili katika isimujamii, ingawa tumeigeuza kuwa orodha ya sifa za kukaririwa: sajili ya mahakamani hutumia msamiati maalumu, sajili ya hospitalini huchanganya ndimi, na kadhalika. Mwanafunzi hupata alama zake kumi, kisha akaenda kujaza fomu kana kwamba anapiga soga na rafiki. Napendekeza tumwekee mezani fomu halisi, iwe ya pasipoti, ya mkopo wa elimu au ya bima, tumwulize maswali manne: Nani anayeuliza? Neno hili lina maana gani katika sheria yake? Swali linaanzia lini na kuishia lini? Na jibu lisilo sahihi litamgharimu nani, na kiasi gani? Atakayeweza kuyajibu hayo kwa Kiswahili ataweza kuyajibu kwa lugha yoyote atakayoikuta mpakani.