Lawama si kwa mpishi bali kwa aliyechelewa kununua kuku

KILA Krismasi inapopita, sisi madaktari wa mijini hupokea wagonjwa wenye malalamiko ya aina moja. Wanaharisha, wanatapika, tumbo linawasokota na wana homa. Aghalabu huwa wametoka katika nyumba moja: wazazi, watoto na hata wageni waliokuja kula sikukuu. Wakiulizwa kisa na maana, humnyoshea mpishi kidole. Ati yaya ni mchafu, au mama hakuivisha kuku sawasawa.

Kwa maoni yangu, mara nyingi lawama hizi humwangukia asiyestahili. Kosa huwa limetendeka mapema zaidi, pale mwenye nyumba anapoingia saa mbili usiku wa tarehe 24 Desemba na kuku wa supamaketi aliyeganda kama jiwe, akitarajia kumwona mezani saa sita mchana siku inayofuata. Mpishi afanyeje? Humwacha kuku ndani ya karai usiku kucha, au humtumbukiza katika maji moto. Njia zote mbili ni za hatari.

Wengi wetu huamini kwamba baridi ya friza huua viini vya maradhi. Sivyo. Baridi huvilaza tu. Viini vya salmonela, ambavyo hupatikana sana katika nyama ya kuku, huamka barafu inapoyeyuka na kuanza kuzaana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kiwekwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au juu ya nyuzi 60, kwani kati ya viwango hivyo viini huongezeka upesi. Kuku aliyeachwa mezani hupata joto hilo kwenye ngozi na mabawa ilhali kifua kingali na barafu. Kiini kimoja kikipata joto linalokifaa huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo, katika muda wa saa 7 pekee, kiini hicho kitakuwa zaidi ya milioni 2.

Kuna wanaojitetea kwamba moto utaua kila kitu. Hoja hii ina kasoro tatu. Kwanza, kuku mwenye barafu kifuani akichomwa kwa muda wa kawaida, ngozi hugeuka rangi ya kupendeza huku nyama iliyo karibu na mfupa ikibaki mbichi. Pili, viini vya aina nyingine huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiharibu. Tatu, maji yanayochuruzika kutoka kwa kuku humwagika kwenye sinki, kisu na ubao, kisha kachumbari hukatiwa papo hapo. Kuku atapikwa, lakini kachumbari haipikwi.

Njia iliyo salama ni ya taratibu. Mweke kuku ndani ya sufuria au bakuli pana, katika rafu ya chini kabisa ya friji, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kila kilo 2 zahitaji siku nzima, yaani saa 24. Wanaonunua bata mzinga wa kilo 6 wahesabu siku 3.

Ikiwa muda umekwisha, mfunge kuku katika mfuko usiopenyeza maji, umzamishe katika maji baridi na kuyabadilisha kila nusu saa. Kuku wa kilo 2 atachukua takriban saa 2. Ni lazima apikwe mara moja baada ya hapo, wala asirudishwe katika friza akiwa mbichi. Najua maji ni ya mgao katika mitaa mingi ya Nairobi. Basi yatumieni maji hayo chooni, si kuoshea vyombo.

Inawezekana pia kumchemsha kuku au kumchoma katika oveni akiwa na barafu yake, mradi aongezewe nusu ya muda wa kawaida. Ila asitiwe katika mafuta moto, kwani yataruka na kumchoma mpishi. Kwa vyovyote vile, apikwe mpaka maji ya pajani yawe maangavu na damu isionekane mfupani. Asiye na friji heri anunue kuku hai na kumchinja siku hiyo hiyo.

Huenda msomaji akasema kuharisha ni jambo dogo. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, huenda ikawa hivyo. Lakini salmonela ikiingia katika damu ya mtoto mchanga, mzee, mwenye virusi vya Ukimwi au mgonjwa wa selimundu, yaweza kuua. Anayeharisha apewe maji yaliyochanganywa na chumvi maalum za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na asikimbilie viuavijasumu vya dukani bila kupimwa. Akiona damu katika choo, akishindwa kunywa au macho yakididimia, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Wauzaji nao wana wajibu. Kila pakiti ya kuku wa barafu yafaa iandikwe kwa Kiswahili sanifu, kwa herufi zinazosomeka, jinsi ya kumyeyusha na muda unaohitajika. Anayepika ndiye anayehitaji maelezo hayo, naye mara nyingi siye aliyekwenda dukani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mgeni naye apone, mnunuzi na afike nyumbani na kuku tarehe 23 Desemba, si mkesha wa sikukuu.