Kutoka Wiyoni hadi Venisi: Rai Kuhusu Safari Zetu za Lamu

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tulifika Venisi kabla hatujamiliki pasipoti. Aliyetufikisha huko ni Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Niliisoma nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na kama ilivyo ada, tulijadili darasani kwa nini mfanyabiashara wa Shakespeare amegeuka bepari alipoingia katika Kiswahili. Sikuuliza hata mara moja iwapo katika mji huo wamo watu wanaoishi, wanaonunua samaki asubuhi na kuanika nguo mchana. Swali hilo lilinijia mwezi wa Mei 2025, nilipokwenda Venisi kutembea pamoja na marafiki wawili, na tangu siku hiyo limekuwa likinirudisha kwetu Wiyoni, katika mji wa Lamu. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, na kutoa rai juu ya safari za kimasomo ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzifanya Lamu.

Nilikuwa Napoli kwa muhula mmoja, katika chuo kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili hufundishwa na ambako alifundisha Elena Bertoncini Zúbková, mwandishi wa kile kitabu cha 1989 cha muhtasari wa fasihi ya Kiswahili kinachojulikana na wasomaji wa jarida hili. Wenzangu safarini walikuwa Mtanzania mmoja kutoka Tanga na Mwitaliano mmoja anayesoma Kiswahili mwaka wa tatu. Tulipanda garimoshi la kasi, tukafika baada ya zaidi ya saa tano, na kwa kuwa mifuko yetu ilikuwa ya kiwanafunzi, hatukulala Venisi kwenyewe. Tulilala Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya daraja.

Sitampotezea msomaji muda kwa kueleza uzuri wa Venisi. Kadi za posta zimekwisha kuifanya kazi hiyo. Nitakachosema ni kwamba mtu aliyezaliwa Lamu hawi mgeni kamili pale. Hakuna gari. Mizigo husukumwa kwa mikokoteni na kubebwa kwa mashua. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujibana ukutani, na kila baada ya hatua chache unapita chini ya nyumba ya mtu, kwa maana nyumba imejengwa juu ya njia. Wao huita mahali hapo sotoportego. Mtanzania aliniuliza kama nasi tunalo jambo hilo Lamu, nikamjibu kwamba tunalo na jina lake ni wikio. Mwitaliano alitoa daftari papo hapo akaliandika. Naungama kwamba nilijivuna kidogo.

Majivuno hayo hayakudumu. Karibu na daraja la Rialto, lile lililokamilika mwaka 1591, kuna duka la dawa lenye kibao cha tarakimu za umeme dirishani. Nilidhani ni bei ya kitu au halijoto. Mwenzetu alitufafanulia kuwa ni idadi ya wakazi waliobaki katika mji mkongwe wa Venisi. Kibao kiliwekwa mwaka 2008, wakazi wakiwa zaidi ya 60,000. Siku tuliyosimama mbele yake walikuwa hawafiki 49,000. Mwaka 1951 mji huo huo ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mji haukupigwa na tauni, wala haukuzama. Umaarufu wake ndio uliokua, nyumba zikawa za kupangisha wageni kwa siku mbili tatu, maduka ya mboga yakawa maduka ya vinyago vya uso, na mwenyeji aliyetaka kununua kitasa au kushona kiatu akajikuta hana pa kwenda. Tangu 2024, katika siku zenye msongamano, mgeni anayeingia kwa siku moja hutozwa yuro 5, na mwaka 2025 aliyechelewa kulipa alitozwa 10. Sisi tulisamehewa kwa kuwa tulilala Mestre, ambayo ni sehemu ya manispaa hiyo hiyo. Mji unaolipiwa kiingilio! Mtanzania alisema kwa utani kwamba Shylock angeifurahia biashara hii.

Waliotoka Venisi, basi, walikwenda wapi? Wengi wao walivuka daraja wakaenda Mestre, kwenye nyumba za ghorofa zisizopigwa picha na mtu yeyote. Mama aliyetukaribisha alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Cannaregio, mtaa ule ule wenye Ghetto ambako Mayahudi walilazimishwa kuishi kuanzia 1516, na alihamia bara akiwa mwanamke wa makamo. Nilimwuliza, kupitia kwa mwenzetu, kama wajukuu wake wanazungumza Kivenisi. Alijibu kwamba wanakisikia, ila humjibu kwa Kiitaliano.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Wiyoni.

Kwa msomaji asiyeijua Lamu, ni vema nieleze. Mji wa Lamu anaouona mgeni ni ule wa Mkomani na sehemu ya Langoni: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Sehemu hiyo ya kale, isiyozidi hekta 16, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wiyoni haimo katika hekta hizo. Ni mtaa wa watu waliojenga kwa matofali na mabati, na pengine makuti. Mtaa wa wavuvi, mafundi, walimu na wachukuzi. Wapo Waamu waliotoka Mkomani, wapo Wabajuni waliotoka visiwani na bara, wapo na wengine waliofuata kazi. Hakuna kitabu cha watalii kinachomwelekeza mtu huko.

Ukoo wetu ulikuwa Mkomani. Nyumba iliuzwa mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka mitano. Sitaki kuisimulia kama kisa cha dhuluma, kwa sababu haikuwa dhuluma. Boriti za dari zilikuwa zimeliwa na mchwa, chokaa ilikuwa ghali, mafundi wanaojua kazi ile walikuwa wachache, na warithi walikuwa wengi kuliko vyumba. Mnunuzi mgeni alitoa fedha ambazo kwetu zilikuwa nyingi. Kwa fedha hizo tulipata kiwanja Wiyoni, nyumba ya vyumba vinne na, nisifiche, karo iliyonifikisha chuo kikuu. Nyumba ya Mkomani sasa imekarabatiwa vizuri ajabu. Kwa kipindi kikubwa cha mwaka imefungwa.

Fasihi yetu inajua kulia magofu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliitazama Pate iliyoanguka, na majumba yake yaliyoachiwa ndege na wadudu, akatupa utenzi ambao hatutauchoka. Walakini sioni kama tuna lugha ya kulilia nyumba isiyoanguka. Nyumba ya ukoo wangu haina popo. Ina taa, rangi mpya na bustani juu ya dari. Ni utupu wa aina nyingine, na mhakiki aliyezoea kufananisha kuporomoka kwa ukuta na kuporomoka kwa jamii atapita mbele yake asione kitu.

Ndipo ninapofika kwenye hoja ya lugha, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Nyumba ya kale ya Lamu ni msamiati mzima. Kuna daka, pale wanaume walipoketi kuzungumza. Kuna kiwanda, ua wa ndani. Kuna msana wa tini na msana wa yuu, ndani, nyumba kati, zidaka za ukutani, na sabule ya mgeni, ambayo Kiswahili sanifu kimeigeuza sebule na kuipa maana yake ya leo. Maneno haya niliyajifunza wapi? Laiti ningesema niliyapokea kwa bibi yangu. Niliyajifunza katika maktaba ya chuo, Nairobi, kutoka katika kitabu cha usanifu wa majengo, mimi niliyezaliwa ndani ya nyumba yenye vitu hivyo vyote! Bibi alikuwa hai wakati huo wote, amekaa Wiyoni katika chumba cha mabati, na sikuwa nimemwuliza, maana chumba cha mabati hakina zidaka za kumfanya mtoto aulize.

Yupo atakayenipinga kwa kusema kwamba lugha haikai ukutani bali hukaa katika vinywa vya watu, na kwamba Kiamu kimehamia Wiyoni pamoja na wasemaji wake. Pingamizi hili ni la haki na kwa kiasi kikubwa nakubaliana nalo. Jioni ya Wiyoni husikii Kiamu peke yake. Unasikia Kitikuu cha Wabajuni, na lahaja hizo zikipokezana na Kiswahili cha shuleni katika sentensi moja. Hiyo ni mali ya utafiti. Isitoshe, si kweli kwamba kila kilichobadilika kimekufa. Linalonisikitisha ni kwamba sisi wenyewe, wanafunzi na wahadhiri, hatuendi kuyasikia.

Tazama jinsi safari zetu zinavyopangwa. Kikundi hushuka gatini, hulala katika nyumba za wageni za ufuoni, hutembezwa ngomeni, katika jumba la makumbusho na kwenye Msikiti wa Riyadha, hupiga picha mlangoni, huangalia punda, na siku ya tatu huondoka. Ripoti huandikwa kwamba wanafunzi wamezuru chimbuko la ushairi wa Kiswahili. Nimewahi kuwa miongoni mwa waliotembezwa hivyo, katika mji wangu mwenyewe, nikaona haya kumwambia kiongozi wa msafara kwamba kwetu ni mwendo mfupi tu kutoka pale. Tulikuwa tumekuja kuona Lamu, na Wiyoni haikuhesabiwa.

Niliporudi likizo nilimwonyesha bibi picha za Venisi. Alipofika kwenye ile ya sotoportego alisema pale pale, "Wikio." Kisha akazipitia nyingine taratibu, majumba, madaraja, umati wa watu wenye mikoba mgongoni, akaniuliza, "Na wenye mui wawapi?" Nikamweleza habari za Mestre. Hakustaajabu. Aliniomba nimrudishe kwenye picha ya kwanza, na kutoka hapo akaanza kunitajia nani alikaa juu ya wikio gani Mkomani, nani alioa wapi, harusi ipi ilipita chini ya ipi, na nyimbo zilizoimbwa siku hiyo. Nilirekodi kwa simu dakika 50, betri ikaisha.

Rai yangu kwa chama ni ndogo na haihitaji fedha za ziada. Huenda hata ikapunguza gharama. Safari ijayo ya Lamu isilale ufuoni. Ilale Wiyoni, Gadeni au Kashmir, katika nyumba za watu, kwa malipo ya haki kwa wenyeji, na iwe ya wiki moja badala ya siku tatu. Ngome iendewe asubuhi moja, inatosha. Muda uliobaki, kila wanafunzi wawili wakae na mzee mmoja aliyehama kutoka mji mkongwe, wamwulize nyumba yake ya zamani ilikuwaje, chumba hadi chumba, na warekodi. Rekodi zihifadhiwe katika idara na nakala moja irudi kwa familia, jambo ambalo watafiti wengi waliopita Lamu hawakulikumbuka. Sharti jingine: wasiende mchana wa Ramadhani, wala wasifike wakati wa Maulidi wakidhani watapata mtu wa kuketi nao.

Kwetu kuna vyumba vinne na mikeka ya kutosha. Bibi anapenda mazungumzo baada ya swala ya alasiri, na husikia vizuri zaidi upande wa kulia.