Steringi hafi, sawa. Lakini siku hizi kuna anayekufa kweli?

Wacha niseme, halafu mnitukane baadaye: muvi nyingi za sehemu ya pili, ya tatu hadi ya kumi hazikuwa na haja ya kutengenezwa. Tunashangilia trela, tunachoma bando, tunabishana wiki nzima WhatsApp. Muvi ikitoka tunasema "si mbaya", halafu tunaanza kungoja nyingine.

Naandika kutoka Sindo, hapa kando ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Hatuna jumba la sinema. Tuna kibanda cha video: mabenchi, runinga moja na spika inayokwaruza. Kwetu, siku ambayo muvi imetoka Marekani haina uzito. Mwezi ndio huamua. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki. Wavuvi wanabaki nchi kavu, kibanda kinajaa. Na kuanzia Aprili hadi Julai, serikali ikifunga uvuvi wa omena, usiseme.

Hawa watazamaji nimewajua vizuri tangu karo inikwamishe chuoni Nairobi nikarudi nyumbani. Wamelelewa na DJ Afro, yule jamaa anayesimulia muvi za watu kwa Kiswahili cha mtaani hadi unasahau zilikuwa za Kizungu. Wahakiki hawawajui. Muvi ikiwachosha, wanatoka nje kupiga stori, basi.

Sheria ya kibanda ni ile ya zamani: steringi hafi. Hiyo hatuna shida nayo. Shida ni kwamba siku hizi hata marafiki wa steringi hawafi. Chukua Fast and Furious. Ilianza 2001 na vijana wa kushindana magari usiku. Kufikia 2023 ilikuwa Fast X, ya kumi. Letty alikufa, akarudi. Han alikufa, akarudi. Gisele tulimwona akianguka kwa macho yetu, na mwisho wa Fast X huyo hapo! Kibanda kizima kilicheka, na si kwa furaha. Mzee mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa Kijaluo, "Sasa sisi tulilia nini?"

Kumbuka hawa ni watu wa ziwa. Mashua hupinduka. Karibu kila benchi lina mtu aliyewahi kukaa ufuoni siku mbili, tatu, akingoja mwili utokee. Mtu kama huyo huwezi kumchezea na kifo ili umuuzie sehemu inayofuata.

Sasa linganisha na Black Panther. Februari 2018 ilizinduliwa Kisumu, ng'ambo ya ghuba, kwa sababu Lupita Nyong'o ni damu ya huku na babake ndiye gavana. Kiki ilikuwa moto. Mimi sikuwa na nauli wala tiketi, nikaiona baadaye kibandani kama kila mtu. Agosti 2020 Chadwick Boseman, steringi mwenyewe, akafariki. Wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine avae ile suti, tuendelee kama kawaida. Badala yake, Wakanda Forever ya 2022 inafungua na msiba. Wanamzika mfalme kwa ngoma na kucheza, kama matanga ya kwetu.

Kibanda kilinyamaza kabisa. Muvi yenyewe ni ndefu, kuna mahali hata mimi nilisinzia. Lakini mwezi mkubwa uliofuata, wavuvi wenyewe waliitisha irudiwe. Fast X hakuna aliyeitisha. Kwangu hicho ndicho kipimo: sehemu ya pili ije kama kuna jambo limetokea, si kama kuna pesa zimebaki mfukoni mwetu.

Najua mtasema, "Bro, ni burudani tu." Sawa. Lakini kelele hizi zinafunika vitu. Nairobi Half Life ya 2012 ndiyo muvi ya kwanza Kenya kuwasilisha kwa Oscar. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa kila kitu siku ile ile anafika Nairobi. Hiyo ni stori yetu kabisa. Uliza vijana wa hapa wa miaka kumi na sita, wengi hawaijui. Lakini ukoo wote wa Dom wanautaja kwa majina.

Mamangu naye ana sehemu ya pili anayoingoja: mimi kurudi chuo. Kila Krismasi wajomba wanauliza itatoka lini. Nikirudi, nataka iwe nimepata kitu ninachotaka kusoma, si kwa sababu ukoo umechoka kungoja. Mama hakubaliani nami, na karo ni yake, kwa hivyo mjadala unaendelea.

Kwa sasa nimemwomba mwenye kibanda atuwekee Nairobi Half Life mwezi mkubwa ujao. Amesema nikileta watu kumi wa kulipa, ataiweka. Nimepata sita. Walio Sindo, mnajua pa kunipata.