Saa Yangu ya Kwanza na Wimbo wa Madras

Juma lililopita mjukuu wangu aliutazama mkono wangu wa kushoto, akaniambia, "Babu, saa yako imekosea kwa saa sita kamili." Nilimjibu kwamba haikukosea hata kidogo. Basi, kwa kuwa wengi wenu mwaikumbuka saa yenu ya kwanza, leo nitawaeleza habari za hii yangu, na za wimbo uliofuatana nayo.

Mwaka 1963 nilipata nafasi ya masomo katika Bara Hindi. Nilipanda meli ya Karanja hapo Mombasa, nikashuka Bombay, na kutoka huko garimoshi likanifikisha Madras, mji ambao tangu mwaka 1996 huitwa Chennai. Nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja Mtamili, karani aliyekwisha staafu. Mimi nilimwita Ayya, yaani Bwana, kama ilivyo adabu yao kwa watu wazima. Naye aliniita Thambi, yaani mdogo wangu.

Mwaka wa pili, kwa kujinyima senema na vitafunio, nilinunua saa ya mkono ya HMT. Saa hizo zilikuwa fahari ya nchi ile. Zilitengenezwa Bangalore katika kiwanda cha serikali, kwa msaada wa kampuni ya Citizen ya Japani, na za kwanza zilitolewa mwaka 1961 na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Hazikuwa na betri. Sharti uitie saa ufunguo kila siku, la sivyo husimama. Nami nilijiona mtu mkubwa. Nilikunja mkono wa shati ili kila mtu aione, na mtu akiniuliza saa, nilimtajia na dakika zake.

Jioni moja nilikuwa nikitoka mbio kwenda maktaba. Redio ya Ayya ilikuwa ikipiga nyimbo za Kitamili kutoka Radio Ceylon, katika kisiwa ambacho leo huitwa Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1952 redio ya serikali ya Bara Hindi ilizikataa nyimbo za senema, na watu wengi wakazoea kuzisikiliza kutoka kisiwa kile. Hata redio yao ilipozikubali tena mwaka 1957, wengi hawakuiacha desturi hiyo. Uliopigwa wakati huo ni wimbo uitwao Kaalangalil Aval Vasantham, wa filamu ya Paava Mannippu ya mwaka 1961. Maneno yake yalitungwa na Kannadasan, muziki na M. S. Viswanathan pamoja na T. K. Ramamoorthy, naye P. B. Sreenivas aliuimba kwa sauti ya upole, kama mtu anayezungumza na mwenziwe aliye karibu.

"Keti, Thambi, usikilize," Ayya akasema.

Nikaitazama saa yangu. "Niwie radhi, Ayya, sina wakati."

Mzee akacheka. "Basi wimbo huu wakufaa, maana waanza na wakati wenyewe."

Akanieleza kwamba neno la kwanza la wimbo latokana na kaalam, na kwamba katika Kitamili kaalam ni wakati, na pia ni majira ya mwaka. Akasema kwamba wazee wao waligawa usiku na mchana katika mafungu 60, kila moja dakika 24, wakianza kuhesabu jua lichomozapo. Na wakulima wao huungojea mwezi wa Aadi, uanzao katikati ya Julai, wapate kupanda. "Saa yako yajua dakika," akasema, "lakini Aadi haiijui."

Niliaga nikaenda zangu. Hata hivyo wimbo ulinikaa moyoni, nami nikauona kuwa karibu nasi. Sisi pia twasema majira kwa nyakati za mwaka, na mtu akiirekebisha saa husemwa kwamba ameitia majira. Tena sisi pia huanza kuhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza.

Nilirudi Kenya mwaka 1967. Njiani niliirudisha mishale nyuma kwa saa mbili na nusu, ipate kulingana na saa za kwetu. Nikaajiriwa ukarani Nairobi. Baba yangu alikuwa mkulima Machakos, na huko mvua ya vuli ndiyo tegemeo kuu la watu. Asiyekuwa tayari mwezi wa Oktoba hupata taabu mwaka mzima.

Mwaka 1970 baba aliniandikia barua. Mgongo ulikuwa ukimwuma na vuli ilikuwa karibu. Aliomba nije kwa siku saba tu, tutengeneze matuta na kupanda. Likizo nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nikingojea kupandishwa cheo, nikaogopa kutoonekana mezani kwangu. Nikamjibu kwamba kazi ya ofisi ina saa zake. Kisha nikaona haya, nikaivua saa yangu, nikampa jirani aliyekuwa akienda Machakos ampelekee baba iwe zawadi. Baba aliomba siku saba, nami nikampelekea saa.

Hakulalamika. Aliandika kwamba saa imefika salama, ila mishale ilikuwa imekosea, naye ameitengeneza. Nilipokwenda nyumbani wakati wa Krismasi nilimkuta ameivaa, na saa moja ya asubuhi mshale ulikuwa penye moja, si penye saba.

"Baba," nikasema, "Wazungu huanza kuhesabu usiku wa manane."

"Usiku wa manane mimi nimelala, mwanangu. Nitahesabu nini?"

Tukacheka sote. Baadaye nilishuka peke yangu hadi shamba la chini, nikalikuta ni magugu matupu. Halikulimwa. Baba hakunitajia neno juu yake, siku ile wala baadaye. Na cheo kile nilichokuwa nikikingojea alipewa mtu mwingine.

Baba alifariki mwaka 1982. Baada ya matanga mama alinikabidhi saa ile. Ilikuwa imesimama, maana siku zile hapakuwa na mtu wa kuitia ufunguo. Asubuhi iliyofuata niliitia ufunguo, nikangoja jua, nalo lilipochomoza nikaiweka saa kumi na mbili kama alivyoiweka yeye. Ndiyo sababu mjukuu wangu aona kwamba imekosea.

Kannadasan alikufa mwaka 1981, na Sreenivas mwaka 2013. Mwaka 2016 serikali ya nchi ile iliamua kuifunga kampuni ya saa za HMT. Wimbo mjukuu wangu amenipatia katika simu yake, nami huusikiliza mpaka mwisho, nimeketi, kama Ayya alivyotaka.

Ninyi makarani mlio na wazazi mashambani, mkipata habari kwamba mvua i karibu na mikono yahitajika, msitazame saa kwanza. Ombeni likizo mwende. Nami nawatakia majira mema.

Hata juma lijalo.