Wewe Unayesema "Nesi Tu"

Mvua za umuhindo zikianza kupiga mabati ya Giheke, hapa Rwanda, mwezi wa tisa, kuna sentensi nayo huingia msimuni: "Pale kituoni hakuna daktari, ni manesi tu." Utaisikia kwenye kijiwe cha pikipiki, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya misa. Mtu ana mtoto aliyekohoa usiku kucha, kituo cha afya anakifikia kwa miguu, lakini anahangaika kutafuta nauli ya kwenda Kamembe, hospitali ya Gihundwe, akaonane na daktari. Asiye na nauli anapitia duka la dawa na kununua vidonge vya kubahatisha. Wote wawili wanajiona wamefanya la maana. Wamekosea, na gharama ya kosa hilo anailipa mtoto.

Hapa kwetu theluji tunaiona kwenye televisheni. Baridi yetu ni hii mvua ya Septemba hadi Desemba na ubaridi unaoshuka usiku kutoka upande wa Nyungwe. Madirisha yanafungwa, moshi wa kuni unabaki ndani na watoto, mafua yanahama kutoka kitanda hadi kitanda. Huko bondeni Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, mbu nao hawana likizo. Ukitaka kujua nesi anafanya nini, basi mtazame msimu huu.

Mama anaingia na mtoto wa miezi minane aliyevikwa sweta tatu na kofia ya sufu. Nesi anamwambia amvue. Mama ananuna: mtoto anaumwa baridi, wewe unamvua nguo? Nesi hagombani. Anamwacha mtoto mapajani mwa mama yake, anasubiri anyamaze kulia, kisha anapandisha fulana na kukitazama kifua, saa mkononi, dakika nzima, midomo ikihesabu bila sauti. Foleni nje inaguna. Mama akitoka, jirani anamuuliza amepimwa nini, naye anajibu: "Hata hajampima. Amemtazama tu."

Huko kutazama ndiko kupima kwenyewe. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, na anakohoa, hiyo inahesabiwa nimonia, apewe amoksilini. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hali ni nzito zaidi. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka vizuri anapewa huduma ya kwanza na kuandikiwa transferi ya kwenda hospitali papo hapo. Kanuni hiyo ni ya Shirika la Afya Duniani, nayo haikutungwa kwa ajili ya maprofesa. Ilitungwa makusudi itumike mahali kama Giheke, kwa sababu nimonia inaua haraka: mwaka 2019 pekee iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano duniani. Saa tatu za kutafuta nauli ni saa tatu za mtoto kukosa dawa.

Mbishi ataniambia kwamba kuhesabu pumzi ni kazi ndogo, magonjwa makubwa yana wenyewe. Basi tuzungumze UKIMWI. Mwaka 2005, katika vituo vitatu vya vijijini hapa Rwanda, wauguzi waliofunzwa walianza kuandika wenyewe dawa za kupunguza makali ya virusi, daktari akibaki msimamizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la PLoS Medicine: wagonjwa zaidi ya elfu moja waliandikishwa, na wale walioanzishiwa dawa na wauguzi waliendelea vizuri. Wanyarwanda wengi walio hai leo kwa dawa hizo wanazipokea mkononi mwa "nesi tu".

Huyo anayekimbilia hospitali bila transferi anajiumiza hata mfukoni. Mutuelle, bima yetu ya afya, inataka uanzie kituoni; ukiruka ngazi na hali yako si ya dharura, bili ni yako. Na ukifika huko, wa kwanza kukupokea ni nesi. Usiku wodini, anayekesha ni nesi. Daktari utamwona asubuhi akipita.

Kinachoniudhi zaidi ni unafiki. Nesi akimaliza zamu anateremka kwenye tope hadi nyumbani, maharage ya msimu A yanamngoja palizi, na sare aliyoifua juzi bado mbichi, imetundikwa juu ya mbabula ikinuka makaa. Anataka kulala. Saa nne usiku mlango unabishwa: "Muganga, samahani, njoo umwangalie mtoto." Anayebisha ni yule yule wa kijiweni. Mchana nesi hatoshi kutibu, usiku ametosha tena bila malipo!

Mnakumbuka homa ya Marburg? Ilitangazwa Septemba 27, 2024, mvua hizi hizi zikianza, na ikatangazwa kwisha Desemba 20. Wagonjwa 66, waliokufa 15, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wahudumu wa afya. Virusi havikumuuliza mtu cheti.

Sisemi kila nesi ni malaika. Wapo wenye mdomo mkali, na wapo waliochoka hadi hawakuangalii usoni. Foleni ni ndefu, na kuna siku dawa haipo. Serikali yenyewe imekiri kwamba wahudumu ni wachache, ndiyo maana mwaka 2023 ilizindua mpango wa 4x4, wa kuongeza idadi yao mara nne kwa miaka minne. Hilo ni deni la kudai, nami nalidai. Lakini kudai manesi zaidi na kuwadharau waliopo haviendi pamoja. Na wakubwa wanaowapigia makofi kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, halafu wakanyamaza wakati wa mishahara wajue kwamba "ni wito" ni "nesi tu" iliyovaa suti.

Mzazi mwenzangu, mvua hii ikikukuta na mtoto anayekohoa na kuhema haraka, usisubiri kupambazuke na usinunue vidonge dukani. Mwone mshauri wa afya wa kijiji chako, au nenda moja kwa moja kituoni hata iwe saa nane za usiku. Mvue mtoto sweta, mtulize, na umwache nesi amalize dakika yake ya kuhesabu.