Uhuru Si Kibali cha Chifu



Yapo maneno mawili ambayo wengi wetu tumeyachanganya tangu enzi za mkoloni: haki na kibali. Kibali hutolewa na mwenye nyumba kwa mgeni. Akipenda hukitoa, akikasirika hukitwaa. Haki ni mali ya mtu mwenyewe. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 yasema wazi, katika kifungu cha 19, kwamba haki za kimsingi ni za kila mtu na wala si zawadi ya Serikali. Hata hivyo, hapa Mfangano, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kenya, mtu akitaka kuwakusanya jirani zake wazungumzie zahanati au bei ya omena, swali la kwanza huwa: “Je, chifu amekubali?”

Swali hilo lina mizizi mirefu. Mwaka 1912 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwapa machifu mamlaka juu ya Waafrika, na mwaka 1937 ikaipanua. Chifu aliweza kuzuia pombe, kumwita mtu mbele yake, na kuwalazimisha wanaume wenye nguvu kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka. Tangu mwaka 1920 mwanamume alivaa kipande shingoni, na bila hicho hakuwa na ruhusa ya kutembea katika nchi ya baba zake. Mwaka 1963 bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, lakini Sheria ya Mamlaka ya Machifu ikabaki. Mwafrika alimrithi Mzungu kiti chake pamoja na fimbo yake.

Ni fimbo hiyo iliyotumiwa baadaye kulinda chama kimoja. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliharamisha vyama vingine vyote. Mwaka 1988 wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, huku watumishi wa utawala wa mikoa wakisimamia hesabu. Kanisa halikunyamaza. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Mchungaji Timothy Njoya waliupinga mlolongo hadharani, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa wameufunga mdomo. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Mwaka 1997, kwa mapatano ya wabunge wa vyama vyote, uwezo wa machifu ukapunguzwa sana, na leseni ya mkutano iliyokuwa ikitolewa na mkuu wa wilaya ikaondolewa. Tangu hapo, anayeitisha mkutano wa hadhara hutoa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya mkutano. Taarifa si ombi.

Basi kama sheria imebadilika, mbona woga haujaondoka? Jibu ni kwamba mamlaka huishi katika mambo madogo. Kijana akitaka kitambulisho, fomu yake hupitia kwa chifu. Yatima akitafuta msaada wa karo, huulizwa barua ya chifu. Anayehitaji barua kesho hawezi kuhoji amri ya leo. Na kisiwani jambo hili ni zito zaidi, kwa maana mahakama, mawakili na waandishi wa habari wako ng'ambo ya maji. Mnyonge hupima nauli ya boti na siku ya kazi atakayoipoteza, kisha huamua kunyamaza. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lakini atakayempisha kila siku mwishowe hatakuwa na njia ya kupita.

Wako waumini watakaosema kwamba kila mamlaka yatoka kwa Mungu, nao watatufungulia Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Neno hilo twalipokea. Ila tuulize: mamlaka ya juu katika Kenya ni yapi? Si Rais, wala mkuu wa kaunti ndogo, wala chifu. Kifungu cha 2 cha Katiba chasema kwamba Katiba ndiyo sheria kuu, nayo humfunga kila mtu na kila ofisi. Kwa hiyo raia anayemwambia chifu kwa adabu, “Mzee, nionyeshe sheria,” ndiye anayeyatii mamlaka. Anayeamuru pasipo sheria ndiye mwasi. Tusisahau pia onyo la nabii Samweli kwa Waisraeli walipodai mfalme: angewatwaa wana wao na mabinti zao, mashamba yao, na sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo. Mungu hakuwaficha tabia ya mamlaka yasiyo na mpaka.

Wengine watauliza: pasipo amri kali, ziwa si litavuliwa hadi likauke samaki? Hapa tutenganishe sheria na amri. Uvuvi wa omena unapofungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kila mmoja ajua mapema, tajiri na maskini hufungwa pamoja, na asiyeridhika aweza kwenda mahakamani. Hiyo ni sheria. Lakini mtumishi wa Serikali anapowatawanya watu kwa kuwa hapendi watakayosema, hiyo ni hasira iliyovaa sare. Tena, tangu mwaka 2007 kanuni zinawaruhusu wavuvi na wachuuzi wa samaki kuchagua kamati za kusimamia fuo zao. Watu wanaoweza kujichagulia wasimamizi na kuwadai hesabu si watoto wa kuombewa ruhusa ya kukutana.

Asidhani mtu kwamba tunabishania makaratasi. Juni 2025, mwalimu kijana alikamatwa katika kaunti yetu hii ya Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na usiku ule ule akakutwa na mauti kizuizini. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha dalili za kushambuliwa. Maafisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji, lakini mzazi hakurudishiwa mwana. Mwisho wa njia ya “nani alikuruhusu kusema?” ni huo.

Kwa hiyo, ndugu, tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tukiitisha mkutano wa hadhara, tutoe taarifa kwa maandishi na tubaki na nakala. Tukipewa amri, tuulize imetoka katika sheria gani, na tuandike jibu, jina na tarehe. Asiende mtu peke yake ofisini. Aende na shahidi. Na makanisa, baada ya ibada, yasome kifungu cha 37 kuhusu kukusanyika kwa amani, na cha 49, kisemacho kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Chifu tumheshimu kama mtumishi wa umma, na kama mtumishi, yeye ndiye anayepaswa kutuonyesha kibali chake.